Matundu Makavu

Jiwe la tano lilikuwa limezama. Ashura, mke wa Zubery bin Bashiri, alimpelekea fundi Wilibrodi salamu kwamba jiwe moja katika njia ya bustani linacheza, na mgeni amekwishajikwaa. Wilibrodi alifika saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, mwezi wa pili mwaka 1954, akiwa na mwiko, pimamaji na debe la mchanga. Alitegemea kazi ya nusu saa.

Bustani ilikuwa juu, nyumba chini. Zubery, mwenye duka Mazwi na lori moja la safari za Tunduma, alikuwa amejenga kwenye mteremko wa upande wa Kizwite, na kila masika mteremko ulimimina matope uani kwake. Mwaka uliopita alimwita Wilibrodi aukate, ajenge ukuta wa tofali za saruji wa kuzuia udongo, kisha nyuma yake pajazwe mpaka juu, apate uwanja tambarare wa maua na mboga. Ukuta ulikuwa na urefu wa futi arobaini na kimo cha futi saba. Juu yake palikuwa na kingo za mawe zilizopangwa kwa uzi, na njia ya mawe bapa kumi na manne ya kukanyagia. Chini yake palikuwa na uani mwembamba wa futi sita, halafu vyumba vya nyuma, vya tofali mbichi, ambavyo milango yake yote ilifunguka uani.

Katika chumba cha katikati alikaa Mwanamvua, dada mkubwa wa Zubery. Mumewe, Halfani, alifariki Kabwe, ziwani. Mwanamvua alikuwa edani. Siku hiyo ilikuwa ya sabini na moja kati ya mia na thelathini.

Wilibrodi aliliinua jiwe kwa mtaimbo. Hakukuta shimo la panya wala mzizi. Udongo wenyewe ulikuwa umeshuka inchi mbili. Akaweka pimamaji juu ya jiwe la nne, kisha la sita, kisha la saba. Yote yalikuwa yameinama, na yote yaliinama upande mmoja, kuelekea ukutani. Akapiga magoti, akautazama ukingo wa mawe kwa jicho moja. Mwezi wa kumi aliuacha umenyooka. Sasa katikati ulikuwa umepinda kama kamba iliyolegezwa.

Alishuka, akapiga hodi, akapita ukumbini mpaka uani. Kutoka kwenye tofali la juu aliteremsha timazi, uzi wenye risasi nchani. Siku alipomaliza kazi, risasi ya timazi iligusa tofali la chini. Sasa ilining'inia inchi mbili mbali nalo. Kichwa cha ukuta kilikuwa kimekuja mbele.

Kisha akayatazama matundu. Katika kozi ya pili ya tofali kutoka chini alikuwa ameacha matundu kumi na mawili ya kutolea maji. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa kati ya kumi zilizopita. Chini ya kila tundu palipaswa kuwa na mchirizi, au walau ukungu wa kijani. Yote kumi na mawili yalikuwa makavu. Ndani ya tundu la saba buibui alikuwa ametanda utando, na utando ulikuwa mzima.

Maji yalikuwa yameingia. Kama hayakutoka, basi yalikuwa bado humo ndani.

Akachukua nondo, akaisukuma katika tundu la saba. Ilipita unene wa ukuta, ikakutana na kitu laini, ikazama mpaka mkono wake ukagusa saruji. Alipoichomoa ilikuwa imepakwa tope jeusi, na tope lilikuwa na joto. Akalinusa. Harufu ile aliijua kabla hajajua kusoma. Wafipa hulima kwa kupindua nyasi pamoja na udongo wake, nyasi zikalala ndani ya tuta la mviringo, zikaoza humo, zikatoa joto na kurutubisha. Wao huliita tuta hilo intumba. Hakuna Mfipa anayekumbuka alifundishwa lini kulifanya, anajikuta analijua.

Nyuma ya ukuta wake kulikuwa na intumba moja, ya futi saba kwenda juu na futi arobaini kwenda upande.

Alimwita Leonsi, kaka wa mkewe Fransiska, aliyekuwa akifyatua tofali bondeni na ambaye ndiye aliyesimamia kazi ya kujaza udongo. Leonsi alikuja akitafuna bua la muhindi.

"Shemeji, jiwe moja tu limekushinda? Umezeeka kabla dada yangu hajazeeka."

"Nyuma ya ukuta mlijaza nini?"

"Udongo."

"Mliujazaje?"

"Kama watu wanavyojaza. Tuliukata huko juu na majani yake, tukapindua, majani chini, udongo juu, tabaka kwa tabaka. Watu sita, siku nne. Wewe ulikuwa Chala msibani."

"Na kokoto? Nilisema zikae nyuma ya ukuta, kutoka chini hadi juu."

Leonsi akatema makapi. "Kokoto nzuri vile nizifukie? Nani atakayeziona? Tulizitandika chini ya mawe ya njia. Uliporudi ulizikanyaga, ukasema safi sana. Nilikusikia kwa masikio haya."

Ilikuwa kweli. Wilibrodi alirudi kutoka Chala, akaona uwanja umesawazishwa vizuri, akaona njia inang'aa, na hakuchimba hata shimo moja kuangalia.

"Bustani ni shamba, shemeji," Leonsi aliendelea. "Bila majani ndani, maua ya mwenye nyumba yangekula nini? Saruji? Tazama kabichi zile."

Kabichi zilikuwa kubwa kama sinia.

Wilibrodi alipiga hesabu kichwani. Futi arobaini mara saba, mara nane kwenda nyuma, ni zaidi ya futi elfu mbili za ujazo za tope. Watu wawili hawawezi kutoa hata sehemu ya sita kwa siku moja. Mvua ya msimu ule ilikuwa ikija saa tisa mchana, na tayari juu ya milima ya Mbizi wingu lilikuwa limeshuka mpaka mabegani mwa milima. Hata hivyo alimwambia Leonsi wachimbe mfereji karibu na ukuta, polepole, bila kelele, huku yeye akizibua matundu kutoka chini.

Ashura alichungulia kutoka mlango wa ukumbi. "Fundi, jiwe moja limekuwa kisima?"

"Nazibua njia za maji."

"Kuna ubaya?"

"Mdogo."

Matundu mawili yalitoa maji meusi kiasi cha kikombe, yakaziba tena. Mfereji wa Leonsi ulijaa tope kila alipolitoa. Saa tano kamili Wilibrodi alipima upya. Risasi ilikuwa inchi mbili na nusu kutoka ukutani.

Saa moja na nusu ilikuwa imepotea. Sababu yake aliijua. Mwezi uliofuata alitarajiwa kuanza ujenzi wa shule ya misheni, na kazi ile alipewa kwa sababu ya ukuta huu. Alikuwa akijaribu kuuponya kabla mtu hajajua kuwa unaumwa. Na muda wote huo mwanamke alikuwa amelala futi sita kutoka hapo, akidhani kelele za nondo ni usafi.

Akaenda kwa Ashura. "Ukuta utaanguka. Labda leo, mvua ikija. Ukianguka utapiga vyumba vya nyuma. Watu watoke."

Ashura alikuwa na ungo wa mchele mkononi. Aliuweka chini. "Vingine ni stoo tu. Ni wifi peke yake. Mwenyewe yuko safari ya Tunduma, harudi mpaka kesho. Wifi hatatoka, fundi. Mimi namjua."

"Dini inamkataza hata kwa hatari?"

"Dini haimkatazi. Nenda umwulize mwenyewe nini kinamkataza. Simama nje, mbali na dirisha."

Wilibrodi alisimama uani, ubavu kwa dirisha, macho yake chini. Mbao za dirisha zilikuwa zimerudishwa, zikaacha ufa wa vidole viwili.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Nimesikia unavyomwambia wifi." Sauti ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikika sokoni. "Mimi nilitolewa nyumba ya marehemu siku ya tisa. Ndugu zake walitaka nyumba yao, kaka akanileta huku kwa lori. Unajua Kabwe wanasema nini mpaka leo? Kwamba mjane wa Halfani hakukaa eda, alipanda lori. Nikitoka tena watasema nimezoea."

"Ni ukumbini tu. Hatua kumi na mbili."

"Na baraza la duka liko mlango wa pili, limejaa wanaume wasio na kazi. Sheria naijua, fundi. Watu ndio siwajui. Huu ukuta kajenga nani?"

"Mimi."

"Ulipoumaliza ulimwambia kaka nini? Nasikia ulisema utakaa miaka hamsini."

"Nilisema hivyo."

"Basi ulisema uongo siku ile, au unasema leo?"

Juu ya ukuta, Leonsi aliacha kuchimba.

"Siku ile sikusema uongo," Wilibrodi akasema. "Nilisema nisichokijua. Leo napima."

"Unapima nini?"

Alimweleza timazi. Mwanamvua alisikiliza bila kumkatiza, kisha akasema: "Mimi nimepima dagaa gatini miaka ishirini. Mtu akiniambia gunia ni zito, simjibu. Namwambia weka kwenye mzani nione. Weka nione."

Wilibrodi alikata kipande cha ubao, akakichora mistari minene ya mkaa, nusu inchi kati ya mmoja na mwingine, kuanzia ukutani, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi. Akakilaza chini ya timazi, mkabala na dirisha lake. Risasi ilisimama juu ya mstari wa tano.

"Naona," alisema Mwanamvua. "Ikifika wa nane, nitatoka."

"Bibi, ukuta hauendi hivyo. Unakwenda mstari kwa mstari, halafu siku moja unakwenda mara moja."

"Mstari upi ndio wa hiyo mara moja?"

"Sijui."

"Labda wa sita?"

"Huenda."

"Labda wa kumi na mbili?"

"Huenda."

"Basi hujui kitu, fundi."

"Ndicho ninachokwambia. Ningejua mstari wenyewe ningekuacha ulale mpaka tufike."

Ngurumo ya kwanza ilisikika kutoka Mbizi, mbali bado. Leonsi alisema kwa Kifipa kwamba mwanamke huyu angefaa kuwa hakimu, na Wilibrodi akamwambia anyamaze.

"Kwa nini unaanguka?" Mwanamvua aliuliza. "Tofali mbovu?"

Ashura alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake alikuwa Sada, jirani, aliyekuja kuomba chumvi na kubaki kusikiliza. Lolote ambalo Sada angelisikia, Mazwi yote ingelijua kabla ya magharibi, na misheni kabla ya Jumapili.

"Tofali ni nzuri," Wilibrodi alisema, na hakupunguza sauti. "Nyuma yake kumejazwa majani, kama shamba. Yameoza, yameziba matundu, yamebeba maji ya mvua yote. Wakati wa kujaza sikuwapo. Niliporudi sikukagua. Nilitazama juu, nikaona pazuri. Na leo tangu saa tatu na nusu nilijua, nikakaa kimya nikidhani nitautengeneza bila mtu kujua. Mpaka saa tano."

"Saa moja na nusu," Mwanamvua alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nikiwa humu."

"Ndiyo."

Mbao za dirisha zilifungwa. Kwa muda hakuna aliyejua maana yake. Kisha sauti ikatoka ndani, imefifia kidogo: "Wifi! Leta lile jamvi kubwa. Na funga duka, mlango wa mbele na wa baraza. Mwenye kukereka akanunue sukari kwingine."

Walipanga hivi. Ashura na Sada wangeshika jamvi, mmoja kila upande, liwe pazia kati ya Mwanamvua na ukuta. Leonsi ashuke, atoke kabisa nje. Ashura alimtaka na Wilibrodi atoke.

"Siwezi," alisema. "Lazima mtu aangalie timazi. Risasi ikicheza ghafla nitapiga kelele, na nyie mkimbie mlango ulio karibu."

"Mwanamume hawezi kusimama pale wakati anapita mwenye eda."

"Nitaupa uso ukuta. Sitageuka."

Sada alicheka kwa woga. "Na ukuangukie?"

"Nitakuwa wa kwanza kujua," alisema Wilibrodi, naye Sada hakucheka tena.

Alisimama uso kwa uso na ukuta, pua yake shibiri moja kutoka kwenye tofali, kiganja cha kushoto kwenye kozi ya nne, macho kwenye risasi. Nyuma yake mlango ulilia bawaba. Jamvi lilikwaruza sakafu. Chini ya kiganja alihisi saruji baridi, na ndani yake mtetemo mdogo sana, kama wa sufuria kabla ya maji kuchemka. Chembe ya saruji ilidondoka kutoka kwenye kiungo, ikaangukia ubao. Halafu nyingine.

Hatua zilikuwa polepole. Alizihesabu: tatu, nne, tano. Alitaka kusema harakisha, akajizuia, kwa kuwa mtu anayekimbia na jamvi hujikwaa. Katika hatua ya sita zikakoma.

"Wifi, nini?" Ashura alinong'ona.

"Nasoma." Mwanamvua alikuwa ameliinamisha jamvi, akatazama ubao. "Imevuka wa tano. Inaelekea wa sita."

"Bibi," Wilibrodi alisema, akiuambia ukuta, "tembea."

"Natembea."

Saba, nane. Tone la kwanza la mvua liliangukia shingo yake. Kumi na moja, kumi na mbili. Mlango wa ukumbi ukafungwa, na ndipo alipoondoa kiganja chake.

Mvua yenyewe ilikuja saa nane na nusu na kunyesha mpaka jioni. Ukuta haukuanguka.

Wilibrodi aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, ambapo aliweza kuuona ubao, na hakuondoka. Magharibi Leonsi alimletea viazi vya kuchemsha.

"Ukuta umekataa kukutii, shemeji. Uliuambia anguka, umesimama kama askari wa boma."

"Kula viazi vyako."

"Huko barazani unajua wanakuitaje? Fundi aliyemtoa mjane edani kwa kamba na risasi. Adolfu mshona viatu ameongeza kwamba unataka umwoe."

Kutoka chumba cha mbele, nyuma ya pazia, Mwanamvua aliita: "Wifi, ubao unasemaje?" Ashura akainua taa, akatazama kutoka mlangoni, akasema wa saba. Karatasi ilisikika ikikwaruzwa. Alfajiri akauliza tena, akajibiwa wa nane.

Kulipopambazuka hapakuwa na wingu. Wilibrodi na Leonsi walipanda juu kwa upande wa mlima, wakaweka mbao ndefu juu ya udongo ili uzito wao usikae karibu na ukuta, wakaanza kutoa tofali za kozi ya juu, kisha ya pili, kisha ya tatu, katikati ambapo ukuta ulifura zaidi. Walikuwa wameshatoa tofali sitini wakati lori la Zubery liliposimama mbele ya duka, na duka limefungwa.

Zubery alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini. Alisikia habari barazani kabla ya kusikia kwa mkewe. Wilibrodi alishuka akakutana naye ukumbini, kwenye mlango wa uani.

"Nani kakupa ruhusa ya kubomoa ukuta wangu?"

"Hakuna. Ungekuwepo ningekuomba. Usiingie uani, Bwana Zubery."

"Nimeingia uani kwangu miaka mitatu sasa."

"Leo usiingie."

"Umemtoa dada yangu kwenye chumba chake. Nimempokea mbele ya ndugu wa marehemu, nikaapa kwamba atakaa eda kwangu mpaka siku ya mwisho. Sasa Mazwi nzima inacheka. Jana ukuta umenyeshewa, umesimama. Leo jua linawaka. Nataka kuuona kwa macho yangu, halafu dada yangu atarudi chumbani kwake."

Alisogea. Wilibrodi alinyoosha mkono, akashika fremu ya mlango ng'ambo.

"Ondoa mkono, fundi."

"Hapana."

"Uani ni wangu."

"Ni wako. Ukuta nimeujenga mimi, na nakwambia hauko salama."

Zubery aliushika mkono ule kwenye kiwiko. Hakuuvuta kwa nguvu. Alitaka tu kuuteremsha, kama mtu anavyoshusha kizuizi cha njia. Wilibrodi hakuuachia. Wakabaki hivyo, karibu sana, wote wawili wakipumua kwa pua.

Kilichosikika kwanza ni sauti kavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Kisha futi kumi na nne za katikati zilitoka mahali pake. Tofali hazikudondoka moja moja; sehemu yote ilikwenda mbele imesimama, ikaegemea ukuta wa chumba cha nyuma, na ukuta ule wa tofali mbichi ukaingia ndani pamoja nayo. Nyuma yake tope jeusi lilimiminika bila haraka, likiwa na kabichi, mawe ya kukanyagia na kipande cha ukingo, likajaza uani mpaka kwenye kizingiti cha mlango walipokuwa wamesimama. Mvuke ulipanda kutoka ndani yake.

"Leonsi!" Wilibrodi aliita.

Kutoka juu, upande wa mlima, Leonsi alitukana kwa Kifipa, kwa kirefu na kwa mpangilio mzuri. Hivyo wakajua kuwa yu mzima.

Zubery aliachia kiwiko. Alitazama mahali palipokuwa na mlango wa chumba cha katikati. Kona ya kitanda cha kamba ilionekana, imeinuka juu ya tope. Akasema, kwa sauti ile ile ya chini:

"Umeupunguza. Umetoa tofali za juu, ukaupunguzia nguvu. Ndiyo maana umeanguka."

Neno hilo Wilibrodi alikuwa ameshajiambia mwenyewe. Alilichunguza kwa haki. "Inawezekana kupunguza huko kumechangia," alisema. "Siwezi kuapa kwamba hapana."

"Basi ukuta ulikuwa umesimama, na wewe..."

"Zubery." Mwanamvua alisema kutoka nyuma ya pazia la chumba cha mbele. "Mdogo wangu, sikiliza. Nimeandika. Jana saa sita, wa tano. Nilipopita, wa tano na ushei, nimeona mwenyewe. Magharibi, wa saba. Alfajiri, wa nane. Tofali la kwanza ametoa jua limeshatoka, wifi ni shahidi. Ukuta umetembea mistari mitatu kabla mtu hajaugusa. Njoo uchukue karatasi."

Mkono ulitokeza pembeni mwa pazia. Ulishika karatasi ya kufungia sukari, imeandikwa kwa mkaa, kwa herufi za Kiarabu, safu mbili, moja ya nyakati na moja ya mistari. Zubery aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma mara ya pili. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Kabwe watasema," alisema.

"Waseme kwamba niko hai," alisema Mwanamvua. "Siku ya sabini na mbili. Wifi, hicho kitanda changu nadhani tusikitafute leo."

Ashura alianza kulia.

"Nani alijaza majani?" Zubery alimwuliza Wilibrodi.

Leonsi alikuwa ameshuka kwa kuzunguka nyumba, tope mpaka mapajani. Alisimama kwenye mlango wa mbele na kusikia swali. Bua la muhindi halikuwa mdomoni.

"Alijaza kama watu wote wa huku wanavyojaza shamba," alisema Wilibrodi. "Hakuna aliyemwambia ukuta si shamba. Kumwambia ilikuwa kazi yangu, na kukagua ilikuwa kazi yangu. Misheni nitakwenda mwenyewe kesho, kabla hawajasikia kwa Sada."

"Wameshasikia," alisema Leonsi.

Zubery alionyesha uani kwa kidevu. "Na hili tope?"

"Nitalitoa. Na ukuta nitaujenga upya, ukinikubalia. Usiponikubalia, nitamwonyesha fundi utakayemleta mahali kosa lilipo."

"Siku ngapi?"

"Kutoa, siku kumi na mbili. Kujenga, kiangazi. Kwa mvua hizi sijengi."

"Dada yangu anamaliza eda kabla ya kiangazi."

"Amalizie chumba cha mbele. Vyumba hivi vya nyuma asilale mtu mpaka ukuta mpya upite masika moja."

Zubery alitikisa kichwa taratibu, mtu asingeweza kujua kama ni kukubali au kuhesabu. Akageuka, akaenda kufungua duka, kwa kuwa watu walikuwa wameshaanza kugonga.

Leonsi alichukua sepetu iliyoegemezwa ukumbini. Akaichovya kwenye tope kizingitini, akaiinua, akalitazama lile jeusi lililokuwa likifuka mvuke. Kwa macho ya mkulima lilikuwa udongo bora kuliko wowote aliowahi kuushika.

"Nitoe majani yote, shemeji?"

"Yote. Na mizizi. Nyuma ya ukuta utatia kokoto na mchanga, kutoka chini hadi juu."

"Basi pale hapataota kitu."

"Hapataota," alisema Wilibrodi, akachukua karai.